Muuguzi achague wapi pa kufanya kazi na kuishi? Jibu kwa msomaji wa Mbagala

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa stashahada, nilimaliza chuo mwaka 2022 na leseni ninayo. Tangu hapo najitolea kwenye hospitali moja hapa Dar es Salaam, napewa nauli tu. Naishi Mbagala na mume wangu, ambaye ni fundi umeme wa majumbani, na tuna mtoto wa miaka miwili. Ajira za TAMISEMI zikitangazwa naogopa kuchagua mikoani, maana wenzangu wanasema ukitoka Dar umejizika. Wengine wananishauri nisubiri hospitali binafsi, wengine wanasema Uarabuni au Uingereza ndiko kwenye maisha. Ni wapi muuguzi anapata kazi na akaishi vizuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa muuguzi mkunga wa zahanati, nikafanya hospitali ya misheni, nikafanya hospitali ya rufaa ya mkoa, na miaka yangu ya mwisho kazini nimekaa ofisi ya muuguzi mkuu wa wilaya, pale ambapo waajiriwa wapya huja kuripoti na begi mkononi. Nimewaona waliodumu na nimewaona walioomba uhamisho kabla hawajathibitishwa kazini. Kilichowatenganisha mara nyingi hakikuwa mkoa waliopangiwa. Ni kituo chenyewe: nyumba, maji, barabara, na idadi ya watu wa kushika zamu.

Tuanze na mshahara. Muuguzi wa stashahada akiajiriwa serikalini anaanza na cheo cha Afisa Muuguzi Msaidizi daraja la II, na analipwa kwa ngazi za TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini. Ngazi hizo ni zile zile uwe Ilala, Kibondo au Nanyumbu. Kwa hiyo anayepangiwa Temeke na anayepangiwa Mbinga wanapokea kiasi kimoja, tofauti inaanzia kwenye matumizi. Wa Temeke anatafutiwa chumba na dalali, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, anapanda magari mawili kwenda zamu, na usiku anapoingia kazini lazima awe na dada wa kulala na mtoto. Wa Mbinga, akibahatika nyumba ya kituo, anatembea kwa miguu hadi wodini, na gunia la mahindi na debe la maharage vinamvusha miezi. Mwisho wa mwaka mmoja ana kiwanja, mwingine ana deni la kikoba. Simaanishi kwamba Dar ni pabaya kwa kila mtu. Kwa mtu anayelenga Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, MOI au Ocean Road, ambako atajifunza uuguzi wa moyo, mifupa au saratani, Dar inalipa kwa njia yake. Ila kwa mama mwenye mtoto mdogo anayeanza na mshahara wa kwanza, huko siko ningeanzia.

Mikoani nako kuna vituo na vituo. Zahanati ya kijiji ndiyo inayowatisha wenzako, na wana sababu. Fikiria zahanati yenye watumishi wawili. Mwenzako ameitwa wilayani kwenye semina, umebaki peke yako. Asubuhi mizani ya watoto inaning'inia mlangoni na akina mama wamejaa kwenye benchi la kliniki. Unapima, unachanja, unaandika rejista za takwimu za afya za MTUHA, unaangalia nyuzijoto za friji ya chanjo, halafu kuna mtu amejikata panga mguuni anataka kushonwa. Saa nane usiku unagongewa dirisha: mama wa uzazi wa tano, maji yameshatoka. Unazalisha kwa taa ya sola, na kondo la nyuma halitoki. Hapo unajua kwa nini barabara ni sehemu ya kazi yako. Muuguzi wa miaka 24 aliyetoka chuoni hapaswi kuwa peke yake katika saa hiyo, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu tumewaweka wengi hapo. Ukipangiwa zahanati utaenda, na utajifunza ukunga kwa kasi ambayo hospitali kubwa haikupi. Lakini kama una nafasi ya kuchagua, usianze na zahanati ya watu wawili ukiwa na mtoto wa miaka miwili.

Kituo cha afya ni habari nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilipandisha hadhi vituo vingi vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa dharura kwa wajawazito. Majengo yaliyoongezwa kwa kawaida yalikuwa chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi, maabara, na mara nyingi nyumba ya mtumishi. Kwenye kituo cha namna hiyo unakuwa na tabibu, mtu wa maabara, wa dawa, na wauguzi wa kutosha kugawana zamu. Ukikwama leba usiku, kuna wa kumwamsha. Ukiniuliza mimi, kituo cha afya kilichopandishwa hadhi, kilicho kando ya lami, karibu na makao makuu ya wilaya, ndipo pazuri kuliko pote kwa muuguzi anayeanza akiwa na familia. Unajifunza mengi bila kuachwa peke yako. Kinachofuata ni hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa, ambako mzigo wa wagonjwa ni mkubwa lakini walimu wa kukushika mkono ni wengi.

Sasa utajuaje kituo ni kizuri kabla ya kukiandika kwenye maombi? Piga simu, na usimpigie mkuu peke yake. Mganga mfawidhi atakusifia kituo chake, maana anahitaji watu. Tafuta muuguzi wa kule wa umri wako, kupitia wenzako wa chuo au kundi la mkoa la TANNA, chama cha wauguzi. Muulize nyumba za watumishi ni ngapi na nani anakaa humo sasa hivi, kwa sababu nyumba inaweza kuwepo na inakaliwa na mtu mwingine kabisa. Muulize maji ni ya bomba, ya kisima, au ya kununua dumu, na mwezi wa kumi hali inakuwaje. Zamu ya usiku wanalala wangapi? Kutoka kituoni hadi lami ni mwendo gani wakati wa masika? (Watu hukagua kituo mwezi wa saba, barabara kavu, halafu wanakuja kulia mwezi wa tatu.) Muulize pia kama m-mama inafika kwa wakati. Ule ni mpango wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wa dharura unaoitwa kwa namba 115 bila malipo, unaotumia magari ya wagonjwa na pale yasipokuwepo madereva wa kijamii waliosajiliwa. Kituo ambacho ukipiga 115 gari linafika ni kituo ambacho utalala usingizi.

Swali la mwisho ni la kwako wewe zaidi: nani atabaki na mtoto ukiwa zamu ya usiku? Vijijini na miji midogo, dada wa kazi anapatikana kwa urahisi kuliko Dar, lakini mume akiwepo ni bora zaidi. Na hapa nakupa habari njema. Kazi ya mumeo inahamishika. Umeme wa REA umesambaa vijijini, nyumba zinajengwa, na kila nyumba inayotaka umeme inahitaji fundi wa kuifunga. Kama hana leseni ya EWURA ya ufungaji umeme, aifuatilie sasa hivi akiwa Dar. Fundi mwenye leseni kwenye mji wa wilaya hakosi kazi, na mafundi wenye leseni huko hawajajaa kama Mbagala.

Mahali gani hasa? Nitakutajia ninapopajua. Kama hamtaki kuwa mbali na ndugu wa Dar, tazameni Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo huo, mtu wa Morogoro anafika Dar mapema kuliko aliyepanda basi. Kilosa nako treni inasimama. Chakula Morogoro ni cha kumwaga na hali ya hewa haina shida na mtoto. Ila wengi wamegundua hilo, kwa hiyo Manispaa yenyewe ina waombaji wengi. Andika halmashauri za pembeni yake.

Dodoma kazi zipo, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa pale karibu na chuo kikuu, hospitali ya mkoa, na vituo vya jiji vinavyoongezeka. Kodi za nyumba zimepanda tangu serikali ihamie, na maji kwenye mitaa mipya yana mgao. Uende ukijua hivyo.

Nyanda za Juu Kusini ndiko ninakokusukumia zaidi. Mbeya, Njombe, Iringa, Songea, Sumbawanga: chakula kinalimwa pale pale, lami imeunganisha miji yote hiyo, na malaria ni kidogo sehemu za juu kama Njombe na Makete. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pamoja na Meta, ambayo ni hospitali ya wazazi. Mkunga anayetaka kuiva, Meta ni chuo cha pili. Baridi ya Njombe mwezi wa sita ni kali kweli, nunua sweta la mtoto na mkaa kabla haujafika. Shinyanga, Tabora, Katavi, Kigoma na Geita ndiko uhaba wa wauguzi unakouma sana, wodi za wazazi zimejaa, na kwa maoni yangu ndiko mwombaji ana nafasi nzuri zaidi ya kuchaguliwa, kwa sababu wenzako wanakimbilia Dar, Arusha na Kilimanjaro. Mkunga anayependa kazi yake atathaminiwa huko kuliko popote, na usishangae ukiletewa kuku wa shukrani.

Usizisahau hospitali za misheni. Watu wa Dar huwa hawazihesabu, na ni kosa. KCMC Moshi na Bugando Mwanza ni hospitali za kanda. Kuna Haydom kule Mbulu, inayofanya kazi tangu 1955, kuna Peramiho karibu na Songea, Ndanda upande wa Masasi, Mtakatifu Fransisko Ifakara. Hizi zimejengwa na nyumba za watumishi ndani ya uzio, maji yanatoka, shule iko karibu, na unatoka zamu unafika nyumbani chai haijapoa. Zinaajiri watu wa dini zote, uwe na hijabu au rozari. Nyingi zina vyuo vya uuguzi pembeni, jambo ambalo litakusaidia ukitaka kusoma shahada. Cha kuuliza ni kimoja, na ukiulize kwa maandishi: utalipwa na nani? Baadhi ya hospitali hizi zina mkataba na serikali, zinaitwa hospitali teule, na ndani yake wapo watumishi wanaolipwa na serikali na wengine wanaolipwa na hospitali. Wanavaa sare moja, wanashika zamu moja, lakini mishahara na pensheni vinaweza kuwa tofauti. Wa serikali anachangia mfuko wa pensheni wa PSSSF, wa hospitali NSSF. Jua uko upande gani kabla hujasaini, kisha muulize mtu wa uhasibu mshahara hutoka tarehe ngapi, na muulize muuguzi yeyote kama kweli hutoka tarehe hiyo.

Hospitali binafsi za Dar, kubwa zenye jina, ni kazi nzuri na vifaa vizuri, na ukipata nenda. Ndogo ndogo za mitaani kuwa nazo makini. Shika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kama unavyoshika partografu, ile chati ya mama aliye leba: saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, saa za usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mtoto mmoja au 100 kwa pacha, kwa malipo. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri anayekataa kuandika mkataba anakuambia mapema jinsi atakavyokulipa.

Kuna pia ajira za mikataba. Taasisi ya Benjamin Mkapa imekuwa ikiajiri watumishi wa afya kwa ajili ya maeneo yenye uhaba tangu miaka ya 2000, na miradi ya VVU imeajiri wauguzi wengi kwenye kliniki za CTC. Posho nzuri, mafunzo mazuri. Lakini mkataba unaisha, na mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona watu wakiambiwa wasirudi kazini kesho yake. Ukiupata, ufanye, na uendelee kuomba ajira ya kudumu.

Kuhusu hiyo kazi ya kujitolea: imekulea vya kutosha kama umeifanya tangu 2022, na inaniuma kuwa umelipwa nauli tu. Ukiendelea nayo, iwe na faida. Omba kwa mganga mfawidhi barua yenye tarehe ya kuanza, idara ulizopita na sahihi yenye mhuri. Omba kuzungushwa leba, watoto wachanga na upasuaji, usikae wodi moja. Na usiache leseni yako ife. Nimeona majina mazuri yakikatwa kwa sababu leseni iliisha muda wiki tatu kabla ya dirisha la maombi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga litakudai rekodi ya mafunzo endelevu unapohuisha.

Dirisha likifunguliwa huwa fupi, kwa hiyo nyaraka zikae tayari. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo chenyewe (hati ya matokeo peke yake hukataliwa), leseni hai, na nakala zilizothibitishwa na wakili. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kama NIDA inasema Mwanaidi na cheti cha shule kinasema Mwanahidi, tengeneza hati ya kiapo leo. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na ufuatilie pia matangazo ya TAMISEMI. Umri wa kuomba mara nyingi unaishia miaka 45, hilo kwako bado. Fomu ikikuruhusu kuchagua kituo, andika ambacho uko tayari kukaa kweli, kwa sababu matangazo huwa yanaonya kuwa ukishapangiwa hubadilishiwi, na uhamisho wa baadaye unaombwa kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ukiwa na sababu na ridhaa za waajiri. Ukiripoti, dai posho yako ya kujikimu kwa adabu na kwa maandishi. Ni haki ya mwajiriwa mpya, na katibu wa afya anajua fomu.

Zanzibar nimeiacha kwa sababu afya si jambo la Muungano. Kule kuna baraza lao la wauguzi na ajira zao, na mwenye leseni ya Bara anaanza kwa kujisajili kwao.

Nje ya nchi sitakukataza. Ila njia ni ndefu, nayo inaanzia kwenye kazi ya kulipwa hapa nyumbani. Kwa Uingereza unapita baraza lao, NMC: mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET, kisha mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyika huko huko. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa sababu hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi hapa. Wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayekwambia ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi Dar, muogope. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti kupitia kampuni ya DataFlow, wana mtihani wa kompyuta wa Prometric, na mara nyingi wanataka miaka miwili ya uzoefu wa hospitali baada ya leseni, yenye barua ya mwajiri. Barua ya kujitolea inaweza isitoshe. Miaka miwili au mitatu kwenye hospitali ya mkoa pale Songea au Tabora ingekufungulia mlango huo vizuri zaidi kuliko miaka mitano ya nauli Dar.

Na ukifika hatua ya wakala, nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama amesajiliwa. Kabla hujampa pasipoti, soma viza imeandikwa kazi gani. Wapo mabinti wenye vyeti vya uuguzi waliopandishwa ndege kwa viza ya kazi za ndani, na ukishatua huko na viza ya namna hiyo, leseni yako haina pa kuonyeshwa.